Tiki Ishirini

Mimi ni mkunga mstaafu. Tangu nistaafu, chuo cha udaktari huniita kila msimu wa mtihani wa vitendo, kwa madai kwamba hakuna anayekijua kituo cha mtoto mchanga kama mimi. Sipingi. Nimepokea watoto kwa miaka thelathini na minane, na wengine huja kunisalimia wakiwa na ndevu. Lakini kupokea watoto ni kazi moja na kuhesabu alama ni kazi nyingine, na hapo kwenye hesabu ndipo nilipoharibu.

Mtihani wenyewe uko hivi. Wanafunzi hupita vituo kumi na viwili, dakika nane kila kimoja, kengele ikilia wanahama. Kuna kituo cha kushona kidonda, kuna cha kumhoji mgonjwa wa kuigiza, kuna cha kupima kifua. Changu kina mwanasesere mwenye ukubwa wa mtoto aliyezaliwa sasa hivi, na mtoto huyo hapumui. Mwanafunzi anatakiwa amkaushe kwa taulo, amfunike, aweke shingo yake sawa, amwekee barakoa na kumpulizia hewa kwa mfuko, na hewa ya kwanza iingie kabla dakika moja haijaisha. Karatasi yangu ina hatua ishirini. Ukifanya hatua nakupa tiki, usipofanya naacha wazi. Ukianguka kituo kimoja umeanguka mtihani wote. Na chuo kinatoa nafasi mbili tu, ya kwanza na nyingine baada ya miezi sita. Ukianguka ya pili, unavua koti jeupe unaenda nyumbani.

Mjukuu wangu alikuwa kwenye nafasi ya pili. Nimemlea mwenyewe tangu ana miaka minne, mama yake anafanya kazi mbali. Mara ya kwanza aliangukia kushona kidonda, akarudi nyumbani akalala siku mbili bila kuvua viatu. Safari hii alishona kila kitu kilichokaa vibaya ndani ya nyumba, hadi sponji la vyombo. Asubuhi ya mtihani nilimpigia koti pasi nikambandikia namba yake kifuani kwa mkono wangu. Thelathini na saba.

Wanafunzi walikuwa sitini, kwa hiyo kila kituo kilikuwa na vyumba viwili vinavyofanana, A na B. Chumba A cha mtoto mchanga kilikuwa changu. Chumba B kilikuwa cha daktari mmoja wa watoto, mwembamba, mnyamavu, ambaye wanafunzi wanamwita Rula. Haongezi wala hapunguzi. Kwa kuwa hairuhusiwi mtu kumpima ndugu yake, mjukuu wangu alipelekwa kwa Rula, nami nikajiambia maskini mtoto, leo ameingia pabaya.

Sasa nieleze kosa langu. Zamani alama ya kupita ilikuwa nusu, kumi kwa ishirini, basi. Mwaka huu Mwenyekiti wa mtihani alileta utaratibu mpya. Mwenyekiti ni daktari mwanamke, kijana bado, niliyemfundisha mimi kukata kitovu. Alituita mwezi mmoja kabla akatufundisha ubaoni. Mimi nilikaa karibu na dirisha nikawa natikisa kichwa kama ninayeelewa, kumbe nawaza kama nimezima jiko. Nililoshika ni kwamba chini ya karatasi kuna visanduku vinne: hajaiva, mpakani, ameiva, hodari. Ukimaliza kuweka tiki, unasahau tiki, unajiuliza huyu mtu kwa ujumla wake yukoje, unachagua kisanduku. Mpakani ni yule ambaye ukimpitisha una wasiwasi na ukimwangusha unamwonea huruma. Hilo nililielewa vizuri sana. Lililobaki sikulielewa, wala sikuuliza, maana nilitaka aliyekuwa mwanafunzi wangu aendelee kuniona mwerevu.

Siku ya mtihani, Jumatatu, nilikuwa na wanafunzi thelathini, na katika hao sita walikuwa mpakani. Niliwajua tangu walipoingia mlangoni. Miaka ya nyuma ningewanyoosha bila kupepesa. Kulikuwa na wanafunzi waliokuwa wakisikia viatu vyangu wanasahau majina yao. Lakini uzee umenilainisha, na sioni haya kusema. Siku hizi nikiona mkono unatetemeka juu ya mwanasesere, moyo wangu unakwenda wenyewe.

Mmoja wa hao sita alikuwa namba kumi na mbili, ambaye wenzake wanamwita Baba Pacha. Ana miaka thelathini na sita, na hii ilikuwa nafasi yake ya kwanza. Alikuwa mhudumu wa wodi miaka kumi, akisukuma vitanda na kufua mashuka, huku anasoma masomo ya jioni mpaka akapata nafasi ya udaktari. Mikono yake ni mikubwa ajabu. Alimshika mwanasesere kana kwamba ameshika yai, akamkausha polepole, akamfunika vizuri mno, akaanza kuhangaika na barakoa, na hewa ya kwanza ilipoingia saa yangu ilisoma dakika moja na sekunde ishirini. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye taulo. Akainua macho akanitazama. Mimi nikaweka tiki, naye akaiona. Nikamwekea na nyingine tatu alizozikosa, nikijiambia kwamba nyumbani kwake angezifanya.

Wale watano wengine nao niliwafanyia hivyohivyo, huyu tatu, yule nne. Kisha chini, kwenye visanduku, nikawa mkweli: mpakani, mpakani, mpakani. Niliona nimefanya haki. Tiki ni huruma yangu, kisanduku ni ukweli wangu, kila kimoja mahali pake. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha kama mtu aliyegawa sadaka.

Alhamisi asubuhi tukakutana kupitisha matokeo. Chumba cha mikutano kina meza ndefu yenye miguu isiyolingana, ukiegemea upande mmoja chai ya mwenzako inamwagika. Mwenyekiti akawasha mashine, orodha ikatokea ukutani, namba tupu bila majina. Vituo vingine vilipita haraka. Tulipofika kwa mtoto mchanga akasita kidogo. Akasema alama ya kupita imekuja juu kuliko ilivyotarajiwa, kumi na tatu nukta sita, na kwamba wanafunzi wanne wa mpakani wameanguka, wote wa chumba B. Wa chumba A hakuna hata mmoja. Mwalimu wa upasuaji akatania kwamba labda chumba A kina hewa nzuri zaidi. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nasoma ukutani, nikishuka na namba moja moja, mpaka nikaifikia thelathini na saba. Alama kumi na tatu. Mbele yake limeandikwa neno moja, ameanguka.

Nikauliza, kwa sauti niliyojitahidi iwe ya kawaida, hiyo kumi na tatu nukta sita imetoka wapi.

Mwenyekiti hakuchoka kunieleza, Mungu ambariki. Alisema hatupangi alama ya kupita kwa kubahatisha tena. Tunachukua wale wote walimu walioona wako mpakani, vyumba vyote viwili, tunajumlisha alama zao, tunagawa kwa idadi yao. Wastani wao ndio mstari. Aliye chini ya wastani huo ameanguka, aliye juu amepita. Rula alikuwa na watu wanne wa mpakani, wenye kumi, kumi na moja, kumi na mbili na kumi na tatu. Mimi nilikuwa na sita, na alama zao zilikuwa kumi na nne, kumi na tano, mpaka kumi na sita.

"Kwa hiyo, Mama, watu wako ndio waliovuta mstari juu," akasema. "Wa mpakani wako walikuwa wazuri."

Hawakuwa wazuri. Nilijua mimi peke yangu. Kila tiki ya huruma niliyoweka kwa mtoto wa mwenzangu ilipandisha mstari kidogo, na mstari ukapanda mpaka ukampita mjukuu wangu, aliyekuwa chumba cha pili kwa mtu asiyeongeza wala kupunguza.

Tukapumzika kwa chai. Sikunywa. Nilitoka nikaenda kunawa mikono kwenye sinki la ukumbi, na nikanawa kama ninayeingia kumzalisha mtu, hadi kwenye viwiko. Nikisema, nitaaibika mbele ya watu niliowafundisha, na Baba Pacha ataanguka. Na watasema bibi kaona namba ya mjukuu wake ndipo dhamiri ikamwamka, na nani atawalaumu? Nikinyamaza, hakuna atakayejua milele. Nitaonekana mtu safi, ambaye mjukuu wake kaanguka na yeye hakuinua kidole. Ila mtoto atavua koti. Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa yeye, ameniandikia kuuliza kama nimekumbuka kunywa dawa yangu ya presha. Hakuuliza matokeo. Alijua hairuhusiwi.

Pale nilitaka kulia na sikulia. Nilijikaza kisabuni nikarudi ndani.

Niliposimama, meza ikayumba, chai ya mwalimu wa upasuaji ikamwagika. Nikasema nilichofanya. Nikasema alama za watu wangu sita si zao, nimewaongezea, sikumbuki ni ngapi lakini ni nyingi, na kwamba mstari ule ukutani ni wa uongo. Mwenyekiti alinitazama kwa namna ambayo nisingependa kutazamwa tena na mtu niliyemshika mkono akijifunza kukata kitovu.

Rula ndiye aliyezungumza kwanza. Aliuliza polepole, "Kwa nini unasema leo, Mama?"

"Thelathini na saba ni mjukuu wangu."

Akafikiri. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Asingekuwa wako, ungesema?"

Nilitaka sana kumjibu ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lakini nilikuwa nimeshachoka na huo uongo mdogomdogo mtamu.

"Sijui," nikamwambia. "Ningependa kuwa mtu ambaye angesema. Lakini asingekuwa wangu, nadhani hata nisingeuliza mstari umetoka wapi."

Rula akatikisa kichwa kukubali, kama daktari aliyeambiwa na mgonjwa palipo na maumivu hasa. Akamgeukia Mwenyekiti akasema vyumba vyote vina kamera juu ya mlango, mitihani ya wale sita ipo, itazamwe upya na watu wawili, na Mama akae nje. Visanduku viachwe kama nilivyochagua, kwa sababu hapo sikudanganya. Kinachopimwa upya ni tiki tu. Mwenyekiti akakubali. Kisha akaniambia, kwa upole ambao sikuustahili, kwamba nitaandika barua, na kwamba msimu ujao sitapima.

Nilikaa ukumbini kwenye benchi kwa saa mbili na zaidi. Mfanyakazi wa usafi alipita na ndoo mara tatu, mara ya tatu akaniletea maji ya kunywa bila kuulizwa. Nilijaribu kuomba dua nikashindwa kujua niombe nini. Nikimwombea mjukuu wangu mstari ushuke, namwombea Baba Pacha aanguke. Basi nikaomba wale wawili mle ndani waone vizuri, nikaishia hapo.

Aliyetoka kuniambia ni Rula mwenyewe. Aliketi kando yangu, magoti yake marefu yakaziba njia.

"Kumi na moja nukta sita," akasema.

Nilifunga macho. Kumi na tatu iko juu ya hapo. Na yule mwenye alama kumi na mbili wa chumbani kwake naye ameokoka. Nikauliza kuhusu wale sita wangu. Akasema wanne wamebaki wamepita hata bila tiki zangu. Wawili wameanguka, mmoja ana kumi, mwingine, namba kumi na mbili, ana kumi na moja.

"Uliwawekea tiki ishirini, Mama. Nimezihesabu."

Kisha akaongeza, akitazama viatu vyake, kwamba huyo thelathini na saba alisahau kujitambulisha, akasahau kuita msaada, akaweka taulo upande usiofaa, ndiyo maana hakuweza kumpa zaidi ya kumi na tatu. "Lakini hewa iliingia sekunde ya arobaini na nane," akasema. "Ile nilimpa kwa moyo mweupe." Akainuka akaenda zake. Nikalia hapo hapo kwenye benchi, mzee mzima, mpaka mtu wa ndoo akajifanya hanioni.

Matokeo yalibandikwa mchana. Nilipofika nyumbani mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, koti amelipakata. Alikuwa ameshasoma, na macho yalikuwa yamevimba kwa furaha. Nikamwambia kabla hajanikumbatia, kwa kuwa nilijua nikikumbatiwa sitasema. Nikamweleza yote, tangu dirishani nilipowaza jiko. Alisikiliza bila kunikatiza, na uso wake ukawa unabadilika.

"Kwa hiyo nimepita kwa sababu ya Bibi," akasema mwishowe.

"Umepita kwa sababu ya mikono yako, na kwa sababu Rula aliandika alichoona. Mimi nusura nikuangushe."

Akawa anakunja na kukunjua mkono wa koti. Nilidhani ataniuliza watu watasema nini, nami nilikuwa na majibu kadhaa ya ukali niliyowaandalia hao watu. Hakuuliza hilo. Aliuliza, "Nani ameanguka?" Nilimtajia wawili wa chumbani kwangu, kwa namba walivyobandikwa ubaoni. Aliposikia kumi na mbili akafunika uso. Baba Pacha ndiye aliyekuwa akimshikia tochi walipokuwa wanajifunza kushona.

Nilikwenda kwa Baba Pacha mwenyewe siku ya pili, kwa ruhusa ya Mwenyekiti. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine kwamba nilimpandisha kisha nikamshusha. Alinisikiliza amesimama, mapacha wake wakimvuta suruali kila mmoja upande wake. Sikumwomba aniambie si kitu, na hakuniambia. Alikasirika, kwa utaratibu wake. Alisema angependa kujua ukweli siku ileile, palepale, kuliko kutembea siku tatu akijiona daktari. Nikasema ana haki. Kisha nikamwambia nyumbani kwangu kuna meza imara, chuo kimekubali kuniazima mwanasesere, na ana miezi sita. Jumamosi alifika na taulo lake mwenyewe, limekunjwa vizuri. Yule mwingine, mwenye kumi, nilimwita pia. Alisema atakuja wiki ijayo, na alikuja.

Sikutegemea kumwona mjukuu wangu mezani. Alikuwa na likizo, na aliyepita hana la kufanya kwa mwanasesere. Lakini alikuja, amefunga nywele, amenawa mikono, akasimama upande wa pili. Nilipomuuliza anatafuta nini, akasema atashika saa, halafu na yeye atapiga zamu yake, kwa sababu alama kumi na tatu anazijua yeye na mimi na Rula, mtoto mchanga hazijui.

Baba Pacha alianza. Alikausha haraka zaidi ya siku ile, akafunika, akaweka shingo. Barakoa ikateleza kwenye kidole chake kikubwa, akairudisha, ikakaa. Kifua cha mwanasesere kikapanda. Mjukuu wangu akabonyeza saa akanionyesha. Dakika moja na sekunde nne.

Akainua macho akanitazama. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye taulo, kama ile siku. Ulikuwa mtazamo uleule, na moyo wangu ukaenda wenyewe, hauna adabu moyo wangu. Sekunde nne tu. Nikazunguka meza nikamshika mkono, ule mkubwa, wenye baridi.

"Umechelewa, mwanangu," nikamwambia. "Rudia."

Akavuta pumzi, akakubali kwa kichwa. Mjukuu wangu akamrudisha mwanasesere mahali pake, akaweka saa sifuri.